Shibiri Moja ya Uzi wa Kioo

Kila aliyefanya kazi kwenye handaki lile la reli alimjua Bi Mwanga. Mafundi wenzake ndio waliompachika jina hilo, kwa utani, maana mwanga ni nuru na mwanga pia ni mchawi, na kazi yake ilifanana na uchawi. Redio za mkononi hazipenyi mwamba. Kwa hiyo yeye alitandaza nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, toka mlangoni hadi ndani kabisa. Mawimbi ya redio yaligeuzwa mwanga, yakasafiri ndani ya kioo, na kule mwisho kisanduku chenye antena kikayarudisha kuwa redio. Mtu akizungumza chini ya mlima, huku nje anasikika kama yuko chumba cha pili.

Siku paa la handaki lilipoporomoka, saa nne asubuhi, watu watano walikuwa ng'ambo ya kifusi. Mmoja alikuwa mdogo wake, kitindamimba wa mama yao, dereva wa mtambo wa kuchoronga mwamba. Redio zote tano zikanyamaza.

Bi Mwanga alichomeka kipimo chake. Uzi ulikuwa umekatika ukingoni mwa kifusi.

"Kisanduku cha ndani kina betri ya saa sita tu," alimwambia msimamizi. "Nifukulieni hapa."

"Paa bado linadondoka, dada."

"Basi fukueni haraka."

Walifukua hadi saa tisa, huku mtambo mwingine ukichoronga upande wa kulia kuwatafuta waliofukiwa. Kilichochomoza kwenye mawe kilikuwa shibiri moja ya kebo yenye uzi ule, haizidi. Kila jaribio la kuunga lingekula urefu wa vidole viwili vitatu, kwa kuwa ncha ya kioo lazima ikatwe upya, iwe safi, na vumbi lilitanda hewani kama unga. Alijifunika koti la mvua, yeye na mashine yake ya kuyeyusha ncha, akajikunyata humo kama kuku anayeatamia.

Mara ya kwanza mashine ilikataa. Chembe ya vumbi. Mara ya pili alikata kwa haraka, uzi ukavunjika kama tambi.

"Tulia, mwanamke wewe," alijisemea. Alimfikiria mama yao, ambaye hajaambiwa kitu, pengine anaanua nguo kambani. Akalia kidogo. Akapangusa vidole kwa spiriti, akakata tena. Kilichobaki kisingetosha jaribio jingine.

Mashine iliwaka, ikatulia. Redio ikakoroma.

"...kuna mtu? Jamani, kuna mtu?"

Ilikuwa sauti ya mpima ardhi, mzee aliyezoea kumuomba uzi wa kushonea vifungo vya shati. Swali kuhusu mdogo wake lilikuwa limeshamfika Bi Mwanga mdomoni. Lakini kwenye kompyuta yake, taa ya betri ya kisanduku cha ndani ilikuwa nyekundu, imebaki dakika tu. Alilimeza swali, akamkabidhi msimamizi redio.

"Mko wapi?"

"Shimo la pampu, kushoto! Maji yako kiunoni. Mnachoronga kulia, sio huko!"

Msimamizi alimrudishia redio, akatoka mbio kwenda kuhamisha mtambo. Redio ilikoroma mara mbili, ikafa. Bi Mwanga aliibonyeza, akaibonyeza tena.

"Mdogo wangu yuko?" aliiuliza. "Niambieni, yuko?"

Kesho yake mchana walitolewa watu wanne, ngozi zimekunjamana kwa maji. Mpima ardhi aliomba machela yake isimamishwe.

"Mwanangu, jiwe la kwanza kabisa lilimwangukia yeye. Nilijua ni wewe uliyetuunganisha. Nikashukuru hukuuliza. Ningeshindwa kusema yale mengine."

"Saa nne ile ile?"

"Ile ile."

Aliketi kwenye matope. Muda wote aliomba chini ya koti lile, na aliyekuwa akiombewa alikwisha kuondoka. Watu walipita wakimshika bega, wengine wakimwambia ahsante, naye hakujua aifanyie nini hiyo ahsante.

Simu ilikuwa ikiita mfukoni. Alijua ni nani. Alinawa mikono kwenye tangi, akanawa tena, ndipo akapokea.

"Mama," alisema.