Ashura ya Waliovuka

Majuzi niliona kwenye televisheni familia ya Kiyahudi ikiadhimisha Pasaka. Baba aliwapa watoto majani machungu, akawaambia kila mmoja ajione kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyetoka Misri. Nikamkumbuka Bibi na alasiri moja ya Ashura, Maskati, tulipokuwa tumetoka Unguja karibuni, baada ya Mapinduzi.

Nyumba ilinuka samaki mkavu. Bibi alikuwa amefunga, midomo imemkauka, anapepeta mchele.

“Siku kama hii Mola alimpasulia Musa bahari,” aliniambia. “Mayahudi wa Madina wakifunga kwa kushukuru, Mtume naye akafunga.”

“Na Baba atapasuliwa bahari lini?” nikauliza. Baba alikuwa amebaki jela, Unguja.

Ami yangu akacheka. “Mama, mjukuu wako anataka jibu leo leo!”

Bibi hakucheka. “Nnamuomba Mungu,” alisema, na ungo ukatulia mikononi mwake.

Mimi nilidhani bahari itapasuka siku ile ile, Baba aje. Nikaenda kukaa juu ya mawe ya pwani, nikiyatazama maji yenye harufu ya mafuta ya taa, hadi adhana ya magharibi. Hayakupasuka. Nilirudi nikilia.

Bibi alimega tende yake ya futari, akanipa nusu. “Kula, mwanangu. Sisi ndo tuliovuka.”

Nilifikiri anaisema meli iliyotuleta. Sikujua kwamba mtu huweza kushukuru kwa kuvuka huku mwanawe yuko bado kwa Firauni. Aliifunga Ashura kila mwaka hadi alipokufa. Baba hakuvuka.