Mwizi wa Prado

Prado ilipogonga mawe kwenye kona ya Kibumba, aliyeshika usukani alikuwa Papa Magloire mwenyewe. Télesphore, shofere wake, alikuwa kwenye kiti cha abiria, mikono juu ya mapaja, akiangalia mvua.

Walikuwa wanatoka Bunagana kutoa mzigo wa vitenge forodhani. Njia wakati ule ilikuwa ingali inapitika. Papa Magloire alikuwa amekunywa na rafiki zake wa mpakani, na kila akinywa alipenda kuendesha. Alimwambia Télesphore, "Toka hapo, leo nataka kusikia gari yangu." Télesphore akatoka. Tangu alipofika Goma kijana kutoka Kabare, akiosha malori kwa kikombe cha chai na mkate, hakuwahi kumwambia mtu aliyemlisha neno "hapana". Papa Magloire ndiye aliyemtoa kwenye ndoo na matambara, akamfundisha gari, akampa kazi, naye Télesphore akamwita Patro, bosi wake. Ndiye aliyemshika Élodie, mtoto wa kwanza wa Télesphore, siku ya ubatizo. Katika mtaa wa Katoyi, ambako Télesphore alijenga nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano, watu walimwita "mutu wa Magloire", naye alilipokea jina hilo kama heshima.

Kwenye kona gari iliteleza. Télesphore aliona ukuta wa mawe meusi unakuja upande wake, akainua mkono wa kulia kujikinga uso. Aliposikia tena sauti ya mvua, kioo chote cha mbele kilikuwa mapajani mwake na mkono ulikuwa umevunjika chini ya kiwiko. Papa Magloire alikuwa mzima. Alishuka, akazunguka gari mara mbili, akapiga teke gurudumu. Halafu akashika simu na kuita lori la rafiki yake lije kuikokota. Kwa Télesphore alirudi baadaye kidogo.

"Uko muzima?"

"Mkono, Patro."

"Tutaona."

Jioni ile, sebuleni kwa Papa Magloire, karatasi za asiransi, bima ya gari, zilitandazwa juu ya meza, na mke wake, Mama Bibiche, akashika taa ya simu juu yake kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Télesphore alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Mkono ulikuwa umevimba mpaka shati ikakatwa kwa makasi.

"Télé, unajua asiransi yetu inalipa nini?" Papa Magloire akauliza.

"Hapana, Patro."

"Tukigonga mutu, inalipa. Gari ikiibiwa, inalipa. Lakini ukiponda gari yako wewe mwenyewe, ni shida yako. Ile sehemu nilikataa kuichukua. Niliona ni feza ya bure." Akakunja karatasi. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba: "Gari imeibiwa."

Télesphore hakuelewa.

"Watu wenye bunduki walikusimamisha kwenye njia. Ulikuwa peke yako. Miye nilibakia Bunagana, nikarudi na gari ya rafiki. Walikushusha, wakakupiga, wakaenda nayo. Njo hivyo tu."

"Na ile gari yenyewe?"

"Iko kwa fundi. Kesho haitakuwa gari tena."

Mama Bibiche alimwangalia Télesphore, akaona jasho linavyomtoka. "Huyu apelekwe hospitali kwanza," alisema.

"Hospitali wataandika ni aksida ya gari," mume wake akajibu. "Daktari akiona mkono kama huu anajua. Tungoje mambo yatulie."

Basi hawakumpeleka. Aliitwa muzee mmoja wa Katoyi anayefunga mifupa, akauvuta mkono huku watu wawili wamemshika Télesphore mabega, akaufunga kwa vipande vya mianzi na kitambaa. Papa Magloire alisimama mlangoni muda wote. Télesphore alipopiga kelele, bosi wake alimwambia, "Vumilia, mutoto wangu. Hata huo mkono ni mzuri. Unaonyesha walikupiga."

Nyumbani, mke wake Alliance alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyeuza maharagi barabarani.

"Na wewe umekubali?"

"Ni baba ya mutoto wetu kwa ubatizo. Atanitupa namna gani?"

"Yeye hakuvunjika kitu," Alliance akasema.

Polisi waliandika maneno ya Télesphore jinsi alivyofundishwa, na hawakuuliza sana. Prado ilikuwa tayari imekatwa: injini ilikwenda upande mmoja, milango upande mwingine, na vibao vya nambari vikatupwa chooni. Papa Magloire alikuja Katoyi na mfuko wa mchele, akakaa na familia, akacheka na Élodie. Télesphore akaona moyo wake unatulia.

Ndipo kampuni ya asiransi ikamtuma mkaguzi wake, mwanamke mmoja aitwaye Christa. Hakuwa na ukali wowote. Alimkaribisha Télesphore ofisini, akamletea maji, akamwomba aeleze polepole. Papa Magloire aliambiwa angoje kwenye chumba cha pili.

"Walitoka upande gani wa njia, Papa Télesphore?"

"Upande wa kushoto."

"Walikuwa wangapi?"

"Wanne. Ao watano."

"Walikupiga na nini?"

"Na bunduki. Hapa." Akaonyesha mkono.

"Pole sana. Na hizi alama ndogo ndogo usoni?"

Télesphore alijigusa shavu. Hakuna aliyekuwa amemfundisha jibu la swali hilo, na mtu asiyezoea uongo hujibu upesi. "Ni kioo," akasema. "Kioo cha mbele kiliniangukia."

Christa aliacha kuandika. "Walivunja kioo cha mbele?"

"Ndiyo."

"Na kisha wakaendesha gari isiyo na kioo, kwenye mvua?"

Télesphore akachukua glasi. Alikunywa maji. Baada ya hapo aliulizwa tena upande waliotokea wezi, akasema kulia.

Mkaguzi alimshukuru na kumwomba akae kwenye benchi la nje. Kisha akamwita Papa Magloire. Mlango ulibaki wazi kwa sababu ya joto, au labda aliuacha makusudi. Télesphore hakujua, lakini kila neno lilimfikia.

"Papa, shofere wako anadanganya," Christa akasema. "Naona njia mbili tu. Ya kwanza: aliuza gari yako pamoja na wezi, na wewe hukujua. Kama ni hivyo, utamushitaki, na dosie yako ya malipo itaendelea, kampuni italipa. Ya pili: nyinyi wawili mko pamoja. Kama ni hiyo, ni miye nitashitaki."

Télesphore alisogea mpaka ukingoni mwa benchi. Alingoja sauti ya Patro, ile sauti iliyowahi kuwafokea askari wa barabarani kwa ajili yake, iliyowahi kumwombea deni dukani Alliance alipojifungua. Alikuwa na hakika kwamba Patro atapata njia ya tatu. Patro alikuwa mtu wa kupata njia.

Alimwona anatoa kitambaa, anavua miwani, anaifuta.

"Nilimupenda kama mutoto wangu," Papa Magloire akasema. "Mungu anajua. Kumbe nilikuwa nalisha nyoka."

Télesphore hakusimama. Hata askari walioitwa kumkamata walipomkuta alikuwa bado amekaa pale pale, kofia mkononi.

Mbele ya afisa wa polisi alisema ukweli wote: mvua, pombe, kona, mawe, taa ya simu, vipande vya mianzi. Afisa alimsikiliza akitafuna kijiti, halafu akacheka mpaka wenzake wakaja kuuliza kuna nini.

"Juzi ilikuwa wezi. Leo ni patro. Kesho utasema ni askofu?"

"Waulizeni watu wa Kibumba. Walituona."

"Nani atalipa mafuta ya kwenda Kibumba? Wewe?"

Télesphore alipelekwa gerezani, na kule, katika msongamano wa watu waliolala kwa zamu, mfupa wake ukaungana vibaya. Mkono ulipinda kuelekea nje. Vidole viwili havikufunga tena.

Gerezani mtu asiyeletewa chakula hufa. Alliance alilijua hilo. Maharagi yake hayakutosha watoto, sembuse mfungwa. Alivaa kitenge chake cha Jumapili, akaenda kwa Mama Bibiche, akapiga magoti juu ya vigae.

"Mama, sikuja kuuliza nani alikosa. Nisaidie tu niishi."

Mama Bibiche alilia. Alikuwa mtu wa machozi ya karibu. Akamwambia Alliance kwamba mpishi wao ameondoka, na kwamba kama ataweza kufika kila asubuhi, kazi ni yake. "Lakini hapa ndani," akaongeza, akijipangusa macho, "yale mambo tusiyaseme."

Hivyo Télesphore akaanza kuletewa bugali na sombe ya majani ya mhogo, siku nyingine na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, zilizokaangwa vizuri. Alikula wiki nzima kabla ya kuuliza.

"Unapata wapi hii mafuta yote?"

Alliance aliangalia ukuta. "Napika kwa Mama Bibiche."

Alitaka kuisukuma bakuli. Aliisukuma kweli, kidogo. Kisha akairudisha na kula mpaka mwisho, mkewe akiwa amegeuza uso ili asimwone.

Kampuni ililipa. Papa Magloire akanunua Prado nyingine, nyeupe, mpya kuliko ile ya kwanza, na padri akainyunyizia maji ya baraka. Kwa kuwa sasa mfungwa hakumfaa kitu tena, na watu wa shirika lao la sala walikuwa wameanza kunong'ona kuhusu watoto wa Télesphore kule Katoyi, aliamua kusamehe. Alikwenda mwenyewe kuondoa mashitaka. Alimtoa Télesphore kwa mkono wake, akamrudisha mjini ndani ya ile gari nyeupe, akamkalisha nyuma.

Jumapili iliyofuata shirika likakutana uani kwa Papa Magloire. Viti vilipangwa, wimbo ukaimbwa. Mwenye nyumba akasimama, akasema juu ya mwana mpotevu na juu ya uzito wa kusamehe mtu uliyemlea. Akina mama waliguna kwa kusifu. Kisha akanyoosha kidole kwa upole kule alikoketi Télesphore.

"Sina neno naye tena. Aseme tu kwa kinywa chake, mbele yenu, ili moyo wake upone."

Télesphore alisimama. Aliona nyuso zinazomngoja, aliona Élodie amevaa sare mpya ya shule. Alikuwa na maneno ya kweli ndani yake, yote, yamejipanga tangu siku ya benchi. Alliance, aliyekuwa nyuma yake na sinia ya soda, akamsogelea sikioni.

"Sema," akanong'ona. "Watoto wanakula hapa. Élodie anasoma na feza yao. Sema, tuende."

"Ninaomba msamaha," Télesphore akasema. "Niliiba gari ya Patro."

Wakapiga makofi. Papa Magloire alimkumbatia, na machozi yalikuwa machoni mwake, machozi kweli. Huenda kwa wakati huo alikuwa ameshaanza kuiamini hadithi yake.

Shofere mwenye mkono uliopinda haajiriwi na mtu, hasa akiwa ameungama wizi mbele ya nusu ya mtaa. Télesphore alizunguka gereji, akazunguka maduka ya Birere, akarudi mikono mitupu. Mwishowe Papa Magloire, kwa kumhurumia, akampa kazi ya kulinda lango. Sasa mume analinda mlango na mke anapika ndani, na wakikutana uani wanasalimiana kama majirani. Nyumbani pia hawazungumzi sana. Alliance anasema wamshukuru Mungu.

Shofere mpya anaitwa Cédrick, kijana mchangamfu, anayependa muziki wa sauti kubwa. Siku ya kwanza alipiga honi mbele ya lango, na Télesphore akasukuma chuma kwa bega, kwa kuwa mkono haukuweza. Gari nyeupe ikaingia. Cédrick akashusha kioo, akamtazama kwa udadisi, bila ubaya wowote.

"Muzee, samahani. Ni kweli wanayosema? Wewe njo ule aliiba gari ya patro?"

Papa Magloire alikuwa kwenye kiti cha nyuma, anasoma simu. Hakuinua kichwa.

"Ndiyo," Télesphore akasema. "Ni miye."

Akafunga lango.