Mstari mmoja wa Neema

Jamani, leo nimeona wivu hadi chakula cha mchana kimenishinda.

Siku tatu nahangaika na programu ninayotumia kujaribu mfumo wa duka la dawa. Inaliona jedwali kwenye skrini, ila idadi ya dawa iliyomo haiisomi.

Leo Neema, mfanyakazi mgeni mwenye wiki mbili tu ofisini kwetu hapa mtaa wa Kwa Mathias, akasogea.

"Dada, achana na skrini. Liulize jedwali lenyewe, lina sifa zake za ndani, na idadi imo humo."

Akaandika mstari mmoja tu wa msimbo, programu ikaisoma idadi. Jaribio likapita!

Bosi akampigia makofi. Nami nikapiga, huku roho inaniuma.

Nikamuuliza, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza ulipoanza kuhangaika, dada. Ila uliniambia nisikusumbue."

Na kweli nilimwambia, kwa wivu huu huu.

Ninyi mngemjibu nini?