Maji Ndani ya Chupa ya Ganzi

Nasriya binti Harub alifika Maskati mwaka 1965 na sanduku moja na cheti cha uuguzi alichokipata Unguja. Mwaka wa pili akaajiriwa katika hospitali ndogo ya Matrah, chumba cha operesheni, na daktari wa hapo, Mgoa mmoja mpole, akamkabidhi funguo za kabati la dawa. Nasriya alipenda kuwaambia watu kwamba Unguja hakuwahi kuvunja hata kikombe.

Asubuhi moja, akipangusa rafu, chupa ya dawa ya ganzi ilimponyoka ikapasuka sakafuni. Ilikuwa ya mwisho. Mgonjwa akishalala kwa nusukaputi, daktari humnyunyizia dawa hiyo kooni kabla ya kumtia mpira wa kupumulia, ili koo life ganzi, asije akakohoa wakati wa kuamka. Meli ya Bombay iletayo dawa ilikuwa bado wiki mbili. Nasriya alizoa vigae, akasikiliza kama kuna mtu anakuja, kisha akachukua chupa tupu ya namna ile ile akaijaza maji yaliyochemshwa.

Alijiambia hapatakuwa na tofauti. Unguja wangapi walitiwa mpira bila ya kunyunyiziwa chochote?

Mgonjwa wa siku hiyo alikuwa Bi Masouda, mama wa makamo kutoka Bawshar, mzaliwa wa Pemba, mwenye ngiri ya kitovu. Operesheni ilikwenda vizuri. Lakini alipoanza kuzinduka, mpira ungali kooni, akakohoa, akakohoa tena mpaka mwili wote ukanyanyuka. Daktari aliuchomoa mpira upesi. Kikohozi hakikukatika, na ilipofika adhuhuri bandeji imelowa damu. Nyuzi zimeachia.

Nasriya ndiye aliyekaa naye. Masouda alimshika mkono, sauti imemkauka.

"Nisamehe, mwanangu. Kikohozi changu hichi kimekuharibieni kazi. Nnaona haya."

"Hapana neno, Bi Masouda," Nasriya akasema.

Maneno yalimtoka kwa upole, kama mtu anayesamehe kweli. Hapo ndipo uso ulipomwaka moto.

Alasiri Masouda akarudishwa kushonwa upya. Daktari akanyoosha mkono kuichukua chupa ile.

"Hayo ni maji, Daktari," Nasriya akasema kwa Kiingereza, akaeleza yote huku akitazama viatu vyake.

Daktari hakupandisha sauti. "Mna ganzi ya sindano humo kabatini. Ungeniambia asubuhi, ningemdunga tumboni tu. Asingetiwa mpira kabisa."

Ndivyo alivyofanya sasa. Masouda alishonwa macho wazi, akisoma sura fupi fupi za Kurani kwa sauti ya kukwaruza, na muda wote hakuuachia mkono wa Nasriya. Kiingereza hakukijua.

Siku mbili Nasriya alimbadilisha bandeji bila ya kumwambia ukweli. Siku ya tatu, akimnywesha uji, akaweka bakuli chini.

"Bi Masouda, kikohozi kile hakikuwa chako. Nilivunja chupa ya dawa, nikatia maji, nikanyamaza."

Masouda akafuta uji midomoni.

"Kuvunja, kila mtu huvunja," alisema. "Lakini mimi nilikuomba radhi, nawe ukaipokea. Ile uliipokeaje?"

Masouda akageuza uso ukutani, na uji ukapoa pale pale.

Daktari hakumfukuza kazi, ila alichukua funguo, na zikakaa mfukoni mwake hadi mwaka 1969. Masouda alipona, akarudi kwao. Siku ya kuondoka aliwaaga wauguzi wote mmoja mmoja kwa kuwapa mkono. Alipomfikia Nasriya alimpa wake pia, kwa adabu, akauondoa mapema.

Tangu hapo Nasriya hakupata tena kuzungumzia vikombe vya Unguja. Na kila mgonjwa aliyemwomba radhi kwa kutapika, kwa kulia, kwa kuchafua shuka, alimkatiza kabla hajamaliza.