Jina langu lipo kwenye orodha ya kurudi Burundi, na mimi si Mrundi

(Aliyetuandikia ameomba tusimtaje. Majina ya watu tumeyabadilisha, maneno mengine tumeyaacha kama alivyoyaandika.)

Shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu habari zenu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, ninaishi kambi ya Lukole. Watu wote hapa wanajua mimi ni mkimbizi. Ukweli ni kwamba kwetu ni upande wa Rulenge, nimezaliwa huko na nimebatizwa huko. Nikikaa juu ya baiskeli asubuhi, mchana niko nyumbani.

Niseme mapema kwamba mimi si malaika. Nilikuwa mkorofi, mdomo wangu hauna breki na mkono wangu ulikuwa mwepesi. Nikiwa kidato cha pili mwalimu wa zamu alikamata barua niliyomwandikia mvulana, akaisoma mbele ya paredi nzima, tena kwa kuigiza sauti yangu. Nikamzaba kofi. Siku hiyo hiyo nikarudishwa nyumbani na godoro langu.

Baba yangu ni katekista. Hakunichapa, na ningeona afadhali angenichapa. Jioni jumuiya ilisali kwetu, akasimama mbele ya majirani akasema, "Namshukuru Mungu kwa watoto wanne alionijalia." Sisi tuko watano. Watu wakaniangalia mimi, mama akainamia rozari yake. Iliniuma mno, na hadi leo nikiandika inaniuma.

Kesho yake nikajitwisha mkungu wa ndizi, nikafuatana na akina mama wanaokwenda kuuza kambini. Nilitaka tu mahali ambapo hakuna anayenijua, nianze upya. Ndizi zikaisha, wenzangu wakarudi, mimi nikabaki nimekaa pale kwenye bomba la maji. Mama mmoja mtu mzima, nimwite Mama Domitila, akaniuliza natoka mkoa gani. Kihangaza chetu na Kirundi chao vinasikilizana, ukijikaza kidogo hakuna anayekushtukia. Nikajibu Muyinga, kule Burundi. Akauliza, "Na watu wako wako wapi?" Nikasema, "Wamekwisha." Nilidhani nikisema hivyo ataacha kuniuliza. Kweli aliacha, akanishika mkono akanipeleka kwenye turubai lake.

Binti yake, Konsolata, alikuwa amefariki kwa homa wakati wa masika, na jina lake lilikuwa bado kwenye kadi ya posho. Mama Domitila hakuzunguka. Aliniambia, "Ukiitwa Konsolata utakula. Ukiitwa jina lingine tutagawana njaa." Nikasema sawa, nikijua ni wiki moja tu, hasira ziishe. Huu ni mwaka wa pili.

Jamani, mama huyu amenilea. Mara moja tu alinichapa, nilipopigana kwenye foleni ya maji, halafu akanipikia maharage na kunipakulia mengi kuliko yake. Tangu siku hiyo sijagombana na mtu, na sijui hata ukorofi wangu ulikwenda wapi. Kinachonitesa ni sala. Alipotaka majina ya marehemu wangu ili tuwaombee, kichwa kiligoma, nikataja majina ya kweli: baba, mama na ndugu zangu wote wanne. Kila jioni tunapiga magoti, Mama Domitila anawaombea pumziko la milele watu ambao saa hiyo wako Rulenge wanamenya ndizi. Mimi ndiye ninayeitikia.

Mwezi uliopita orodha ya wanaorudi kwao ikabandikwa. Mama Domitila alikuwa amejiandikisha, na kwenye kadi tuko wawili tu, yeye na Konsolata. Wengine wote vita vimewamaliza. Ananieleza habari za shamba la mumewe, ananiambia, "Kule juu kwenye kahawa patakuwa pako."

Juma lililopita tulikwenda sokoni hapa kambini. Nikainua macho, nikamwona mama yangu mzazi amekaa na ndizi zake. Amekonda. Aliniita kwa jina langu, lile la kweli.

Mama Domitila akaniuliza, "Unamfahamu?"

Nikasema, "Simfahamu."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Mama yangu akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili. Kisha akamgeukia Mama Domitila, akasema, "Samahani dada, nimemfananisha na binti yangu. Alitoka nyumbani, hatujui aliko. Baba yake kila Jumapili anamtangaza kanisani, watu wamsaidie kumtafuta."

Mama Domitila akamshika bega. "Ihangane, jipe moyo, dada. Atarudi. Hata huyu wangu amepoteza mama yake."

Mama yangu akafanya ishara ya msalaba. Akakata chane moja ya ndizi, akampa Mama Domitila, akakataa malipo. Alisema, "Mpe mtoto ale." Sikuweza kuzila.

Malori yanatarajiwa mwisho wa mwezi. Nikisema mimi si Konsolata, naogopa nitakamatwa kwa kula posho isiyo yangu, na mama huyu atarudi kwao peke yake akijua kwamba alikuwa akiwaombea pumziko watu walio hai. Nikinyamaza nitapandishwa lori kwenda nchi ambayo sijawahi kuikanyaga, na baba ataendelea kunitangaza kanisani hadi azeeke. Mara tatu nimefungua mdomo nimweleze, mara tatu nimeishia kumuuliza kama maji ya kuoga yamepata moto.

Gazeti hili hutufikia likiwa limechelewa, kwa hiyo anayeweza kunijibu asingoje. Nawaomba hasa akina mama. Ungekuwa wewe ndiye Mama Domitila, ungetaka nikwambie, au ungetaka nipande nawe nikiwa kimya? Na ungekuwa wewe ndiye uliyenizaa, ukasikia nikisema sikufahamu, ungenipokea? Nishaurini, mimi nimeshindwa.