Mashine Iliyoandika OH

Nilikuwa kaunta ya kiwanda kipya cha samaki cha mwekezaji pale Ilemela na sangara wangu, mkubwa hata mbuzi angejificha mdomoni, mara mashine ya barafu ikazimika. Bila barafu hawapokei samaki, na jua la siku ile lingeivisha jiwe. Kwenye kisanduku kinachoendesha mota zikawaka herufi mbili: OH.

"Inaguna," nikasema.

"Hiyo ni 'overheat', joto limezidi, shemeji," fundi wa kiwanda akanijibu, akakata umeme.

Msimamizi akashika kiuno. "Joto gani, na inatengeneza barafu?"

Fundi akafungua kisanduku, akachokonoa feni ya kukipoza, akamwekea msimamizi kiganjani donge jeusi. Wadudu wa ziwani! Wale wanaopanda kutoka majini kama moshi, wamejazana mpaka feni imekwama.

"Kitabu cha mashine hakijawataja hawa."

"Aliyekiandika hajawahi kulala Mwanza, bosi."

Akapiga brashi, akawasha. Barafu ikamwagika, sangara wangu akapokelewa kama mkuu wa mkoa.

Jamani, mashine imevuka bahari nzima bila kupiga chafya, ikaja kuangushwa na vidudu vyetu visivyofikia punje ya mtama. Halafu watu wa Dar wanatuita washamba!