Nilivyozisawazisha Redio za Zahanati

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, amsikiaye kila amwitaye bila waya wala mtambo, na aliyenipa umri wa kusimulia kosa langu mwenyewe.

Zahanati yetu iko milimani, njia ya kwenda Amani, mahali simu hazishiki. Tulikuwa na redio mbili za upepo, za kuitana na kujibizana, za aina moja, zilizonunuliwa siku moja: moja mezani kwa muuguzi, nyingine ndani ya gari la wagonjwa. Kamati ilinikabidhi mimi kuziangalia.

Fundi aliyekuja kutoka Tanga mjini kuzirekebisha hakunipendeza. "Shikamoo mzee," akaniambia. "Hebu nipishe kidogo."

Nikatoka, nikasimama dirishani. Nilimwona akibana vitufe viwili kwa pamoja huku akiwasha redio, na kioo kikaonyesha namba ambazo hatukuwahi kuziona. Alitazama kipimo chake, akabadilisha, akatazama tena. Ya mezani akaiacha themanini na saba. Kisha akaingia garini, nami nikachungulia: hiyo akaiacha mia na kumi na mbili.

"Namba gani hizo?" nikamuuliza.

"Mambo ya ndani hayo, mzee."

Mambo ya ndani! Redio pacha, mbona hakuzipa sawa? Nikaamini ameipunja moja makusudi, ili tumwite tena. Nimefundisha dini miaka mingi, na kwangu haki ni vibaba vilivyolingana. Walipokwenda kula, yeye na dereva, niliingia garini, nikabana vitufe vilevile, nikaiweka nayo themanini na saba. Kisha wakateremka pamoja na gari hilo kwenda Muheza.

Alasiri binti yangu akashikwa na uchungu, na mtoto akakwama. Muuguzi akaita, "Gari, gari, zahanati hapa!" Ukajibu mngurumo mtupu. "Dereva yuko kwa shemeji yake anakula muhogo, na redio kazima," akasema kwa hasira. Mimi nilijua ni ile namba niliyoibadilisha. Tukatuma pikipiki kuwafuata.

Gari liliporudi na wote wawili, binti yangu akapakiwa apelekwe hospitali. Fundi akabana vile vitufe viwili vya redio ya garini, akatazama namba. "Nani ameigusa hii?"

Macho yote yakamgeukia dereva. "Leo ndiyo mwisho wako hapa," muuguzi akamwambia.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikudhania vibaya, fundi. Nilitaka zilingane."

Akanitazama, huku vidole vyake vikirudisha namba. "Mzee wangu, hizi ni kama miwani. Kila moja ina kipimo chake, ndipo zisikilizane. Ungeniuliza tu."

"Na muhogo wangu umesingiziwa bure!" dereva akasema, akawasha gari.

Niliketi karibu na redio ya mezani mpaka baada ya isha. Kisha sauti ya dereva ikaja safi: "Zahanati, mwambieni mzee ana mjukuu wa kike. Mama mzima." Nikasujudu palepale sakafuni.

Wewe uliyesoma, Mungu akuepushe na dhana zinazomchafua mtu asiye na kosa, na akufikishie salama habari ya kila umpendaye. Amin.